Barua Alizozikataa Heche

Machochwe, Serengeti
2 Julai 1974

Dada Bhoke,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta wewe na shemeji Kornelio na watoto mkiwa wazima, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, kwa sababu ya baiskeli ya kazi niliyopewa, ambayo kiti chake kimebaki chuma kitupu.

Kazi ya kupima vijiji vipya, hivi ambavyo serikali inawahamishia watu, nimeianza. Tulitumwa wawili, mwenzangu akaugua akarudishwa Musoma, kwa hiyo niko peke yangu na kamba ya kupimia, nyundo na mzigo wa vigingi. Kila kijiji nakaa wiki tatu hivi, nikimaliza viwanja nahamia kingine. Anwani ya kudumu sina. Nimepatana na Bwana Swaleh, mwenye duka pale Mugumu, barua zangu zote zije kwake nami nikipita nizichukue. Ni mtu mzuri, ila anasoma bahasha ya kila mtu kwa sauti.

Humu ndani nimeweka barua ya Heche. Nakuomba umpelekee mkononi mwake wewe mwenyewe, usimpe mtu. Tangu tulipoingia jando pamoja hatujawahi kukaa wiki mbili bila kuonana, na siku naondoka aliniahidi kwamba ataniandikia kila mwezi. Huku, nikifika mahali watu wanazungumza, wananyamaza. Wakiiona kamba tu, maneno yamekwisha. Nasonga ugali wangu, nakula peke yangu, nalala kwenye darasa la shule. Msiponiandikia nitasahau kuongea.

Msalimie mama.

Mimi mdogo wako,
Nikolaus


Nyangoto
30 Julai 1974

Mdogo wangu Nikolaus,

Marahaba. Sisi wote tunapumua. Mama mguu bado unamsumbua wakati wa baridi. Kornelio anashinda kwenye mashimo ya dhahabu na hajaona dhahabu. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na ananiuma.

Barua yako ya tarehe 2 nimeipata tarehe 24, siku ya gulio, ikiwa imelowa mafuta ya taa upande mmoja. Ya Heche ilikuwa kurasa nne. Ya kwangu ukurasa mmoja. Ya mama aliyekuzaa ilikuwa maneno mawili, "msalimie mama." Nilimsomea hayo maneno mawili akaniuliza kama nimeruka mahali. Nikamwambia sikuruka.

Nimempelekea rafiki yako barua yake, na mtoto mgongoni, na jua la saa saba. Alikuwa anavuna mtama. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akasoma amesimama, akacheka mahali pawili. Baba yake, Mzee Nyangwine, akataka asomewe yote tangu mwanzo, ikabidi Heche arudie. Mzee anakusalimu sana na anauliza kama huko kwenye wanyama serikali inawapa nyama. Heche anasema atakujibu akimaliza kuvuna.

Jambo jingine. Hapa kumefanyika mkutano. Wanasema na sisi tutahamia kijiji kipya kule kwenye uwanda, kabla mwezi wa tisa haujaisha. Watu wanauliza maswali na hawajibiwi. Wewe ndiye mwenye kazi hiyo, niambie. Tutapewa muda wa kujenga kwanza au tutahama kwanza? Nijibu hilo hata kama hutajibu lingine.

Dada yako,
Bhoke


Kijiji kipya, upande wa Ikoma
18 Agosti 1974

Dada Bhoke,

Shikamoo, na mama naye shikamoo, na safari hii namwandikia maneno zaidi ya mawili. Mama, ninakula vizuri, nimepata blanketi, usiwe na wasiwasi.

Dada, nimefika Mugumu mara mbili kwa baiskeli, maili nyingi, na mara zote mbili Swaleh ametikisa kichwa kabla sijashuka. Safari ya tatu ndipo nikapata barua yako. Ya Heche hakuna. Amemaliza kuvuna au anavuna mtama wa Tarime nzima? Nimemwandikia mara mbili, ile ya pili niliituma peke yake kwa anwani yako, na hii ya leo ni ya tatu. Mtu anayekaa kwake, mwenye taa ya kuandikia na meza ya kuwekea karatasi, anashindwaje, wakati mimi naandikia juu ya goti?

Umeuliza habari za kuhama. Msihangaike, mambo haya yamepangwa. Viwanja vinapimwa sawa kwa sawa, kila kimoja na namba yake. Hapa nimepiga mistari iliyonyooka hata ukisimama kwenye kigingi cha kwanza unakiona cha mwisho. Mtakuwa karibu na shule na zahanati. Wagumu ni wazee tu. Juzi kuna mzee wa Kiikoma alikataa kutoka kwake, akaketi kwenye kigoda mlangoni. Wale vijana wa mgambo wakambeba na kigoda chake, yeye ameketi vilevile kama chifu, mpaka kiwanja namba 41 wakamtua. Tulicheka sana. Nimemwandikia Heche kisa chote humu ndani, maana najua kitamfurahisha. Mpelekee upesi.

Mdogo wako,
Nikolaus


Nyangoto, kijiji kipya
22 Septemba 1974

Nikolaus,

Marahaba. Mama anasema amekusikia.

Tumehama. Tuko kiwanja namba 17. Watoto wana mafua. Ng'ombe mmoja amekufa kwa kuzurura, hakujua njia ya maji ya huku.

Barua ya Heche ilifika, nikampa. Heche yupo. Kuhusu kujibu, mimi siyo mkono wake.

Usiweke tena barua zake kwenye zangu kwa sasa. Nina nyumba ya kukandika na mtoto wa kubeba, na kutoka hapa hadi kwa Heche siku hizi si mbali, lakini kazi ni nyingi.

Bhoke


Machochwe
10 Oktoba 1974

Dada Bhoke,

Shikamoo. Nimerudi Machochwe, kuna kijiji kingine cha kupima kando ya barabara. Poleni na ng'ombe.

Barua yako nimeisoma mara tano na kila mara inazidi kuwa fupi. Zamani ulikuwa unanigombeza kurasa mbili mbili, leo umeniandikia kama mtu anayejaza fomu. Unasema kutoka kwako hadi kwa Heche si mbali, halafu unasema huwezi kwenda. Kipi ni kipi?

Nimemwandikia Heche barua nne sasa. Tatu kupitia kwako, na ya nne nimempa dereva wa lori la pamba, ameniapia kwamba ameiacha kwenu. Sijapata hata kipande cha karatasi. Swaleh sasa akiniona ananiagizia chai bila kuniuliza, na hiyo chai inaniuma kuliko angeninyima. Mkewe ameniambia, "Andika kwa wengine, mwanangu, marafiki si mmoja." Nimeandika kwa Nashoni niliyesoma naye, akajibu ndani ya wiki tatu. Kumbe posta inafanya kazi.

Kama nimemkosea Heche, aseme nimekosa nini. Kama anaona mimi sasa ni mtu wa serikali na yeye ni mkulima, hilo nalo aseme. Lakini mtu kukaa kimya na mimi niko peke yangu huku porini, huo si urafiki, na nimechoka kumbembeleza.

Na Mzee Nyangwine hajambo? Barua yako ya kwanza iliniletea salamu zake. Mara hii hukumtaja.

Nijibu kitu kamili.

Nikolaus


Nyangoto
3 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba.

Mama alinikataza kukuandikia haya. Alisema uko peke yako, hakuna wa kukushika mkono, nisubiri mpaka uje. Na mimi nilinyamaza kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine kwamba nilikuwa na hasira nawe na sikutaka kuandika kwa hasira. Hasira haijaisha, lakini umemwulizia mtu kwa jina, kwa hiyo nakujibu.

Mzee Nyangwine alifariki tarehe 11 Septemba.

Nilikuuliza mwezi wa saba kama tutajenga kwanza au tutahama kwanza. Ulinijibu kwamba mistari imenyooka. Basi tulihama kwanza. Alikuja kijana kama wewe, na kofia kama yako, akapiga vigingi siku sita. Siku ya saba wakaja wenye magari. Mzee alikuwa ndani. Aliwaambia hawezi kulala mahali pasipo na paa, waezeke kwanza, atatoka mwenyewe kwa miguu yake. Wakapanda juu, wakaezua nyasi yeye akiwa chini yake. Heche akamtoa, akamjengea kibanda cha mabua ya mahindi kwenye kiwanja namba 22. Siku ya tatu ikanyesha, ikanyesha siku nne mfululizo. Kifua kikambana. Zahanati unayoisema ni msingi tu, hata ukuta hauna. Kornelio na Heche walimbeba kwenye kitanda kwenda kutafuta gari, akawafia njiani.

Heche alikataa kumzika kiwanja namba 22. Alimrudisha kule kwao kwa zamani, akamzika mlangoni pa nyumba isiyo na paa.

Sasa sikiliza. Barua yako ya tatu ilifika siku ya tatu ya matanga. Mimi sikuijua ndani ina nini, nilidhani itampoza. Nikampa mbele ya watu. Akaisoma mpaka kwenye kigoda. Akaikunja vizuri, akanirudishia mkononi, akasema, "Mrudishie." Hakusema kingine. Nami nikaisoma jioni ile nyumbani. Umeandika kwamba mlicheka mpaka mkashika mbavu.

Ile ya lori la pamba ilifika. Nilipojaribu kumpa alisema nisimletee tena. Nimeziweka zote mbili kwenye debe la chumvi. Kwa hiyo nilikuwa nakudanganya niliposema kazi ni nyingi. Kutoka kiwanja 17 hadi 22 ni hatua ambazo hata mama na mguu wake anazimaliza.

Usiniandikie kunieleza kwamba wewe hukuwapo. Najua hukuwapo.

Bhoke


Mugumu
24 Novemba 1974

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nilipewa na Swaleh. Alianza kuisoma bahasha kwa sauti kama kawaida yake, akaniona uso, akaacha. Nimekaa nayo wiki mbili bila kujibu. Sina barua ya Heche humu ndani, usitafute. Sijui niandike nini.

Nitakuambia tu kilichotokea huku, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Kile kijiji cha kando ya barabara nilipewa siku nane kupima viwanja mia na ishirini. Magari yalikuwa yaje siku ya tisa. Siku ya pili nilimwuliza kiongozi wa operesheni ya kuhamisha watu, mbele ya wenzake, kama watu watahama kabla ya kuezeka. Akasema, "Watahama vigingi vikiwa tayari." Nikamwambia, "Basi vigingi havitakuwa tayari mpaka kuwe na nyumba zenye paa." Akadhani natania. Akaniuliza, "Wewe ni mpimaji au mbunge?" Nikasema mpimaji. Akasema, "Pima." Nikaikunja kamba, nikaiweka mezani pake.

Dada, usidhani nilikuwa jasiri. Magoti yalikuwa yanagongana, na sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku. Waliniita mpinzani wa siasa ya chama, wakaniandikisha maelezo, nikanyang'anywa baiskeli. Wamenipeleka Mugumu kulinda bohari la nguzo na misumari mpaka waamue. Kumpata mpimaji mwingine kumewachukua siku kumi. Kwa siku hizo watu wa kile kijiji wamejenga na kuezeka huko wanakohamia. Siyo wote. Nimeambiwa nyumba sabini na kitu zina paa. Zilizobaki hazina.

Hakuna aliyekuja kunishukuru, na sikutegemea. Kwao mimi bado ni yule wa kamba.

Yule kijana aliyepima kwenu nadhani namjua. Tulisoma darasa moja la upimaji. Alikuwa mpole.

Mwambie mama nipo.

Nikolaus


Nyangoto
14 Desemba 1974

Mdogo wangu Nikolaus,

Marahaba. Mtoto sasa anasimama akishika ukuta, na ukuta wenyewe nimeukandika mimi, kwa hiyo wote wawili nawaangalia kwa wasiwasi. Mama ameota jua leo, amecheka.

Nimefanya jambo bila ruhusa yako na sitaomba radhi. Barua yako nimempelekea Heche. Sikumpa aisome, maana angeirudisha. Nilikaa kwenye jiwe nje ya nyumba yake, nikaisoma kwa sauti kama Swaleh, yeye akiwa ndani anachonga mpini. Aliponisikia naanza alisema, "Bhoke, nenda nyumbani." Nikaendelea kusoma. Nimechoka kuwa posta yenu, nimechoka kupita mbele ya mlango wake nimeinamisha kichwa kama mwizi, na mtu akichoka haogopi tena kufukuzwa.

Nilipofika kwenye magoti kugongana, kuchonga kulisimama. Nilipomaliza nikadhani ametoka kwa mlango wa nyuma. Halafu akatokeza mlangoni, akasema, "Nyumba sabini."

Nikasema, "Na kitu."

Akasema, "Asiandike. Mambo haya si ya karatasi. Kama ana miguu, aje."

Ndivyo alivyosema, sikuongeza na sikupunguza. Sijui ukija atakufanya nini. Sura yake haikuwa ya kusamehe wala ya kupiga. Lakini kama umewekwa kulinda misumari, misumari inaweza kulindwa na mwingine kwa wiki moja. Omba ruhusa. Ukinyimwa, njoo hivyo hivyo, maana kazi yenyewe inaelekea umekwisha kuipoteza.

Usije na zawadi. Usije na hotuba.

Dada yako,
Bhoke


Issenye, Serengeti
19 Januari 1975

Dada Bhoke,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka huko kwenu. Kazi sijafukuzwa, wamenishusha tu. Nimehamishiwa Issenye kuwa karani wa bohari, na kamba ya kupimia sitaishika tena. Chumba nilichopewa kina mlango. Mwambie mama uji wake wa wimbi nimeumaliza siku ya pili.

Asubuhi ile naondoka uliniuliza mlangoni tuliongea nini na Heche kule shambani, nikakujibu, "Mambo ya kawaida." Ukanigeuzia mgongo, hata kwaheri hukunipa. Ulikuwa na haki. Umebeba maneno yetu miezi sita, halafu yalipofika mwisho nikakufungia mlango. Nilikuwa siwezi kuyatamka tu. Kuandika naweza.

Heche hakunisalimia. Alinitazama, akachukua majembe mawili, akatangulia. Tulitembea saa nzima mpaka kule kwao kwa zamani. Kuta bado zimesimama. Kaburi liko pale pale mlangoni, kama ulivyosema, amelizungushia mawe. Nilisimama hapo. Heche akaniacha nisimame mpaka nilipotosheka, halafu akanipa jembe, akasema, "Mura, shika mstari ule." Aliniita kama vijana wa jando moja wanavyoitana. Tukapalilia mahindi mpaka jua likawa utosini, yeye mstari wake, mimi wangu. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Aliyaona, akaendelea na mstari wake.

Tulipokaa kunywa maji, akaniuliza, "Siku ile ya yule mzee, uliandika kwamba mlicheka. Na wewe ulicheka?"

Nikasema, "Nilicheka."

Aliokota bonge la udongo akawa analivunja vunja mkononi. Halafu akasema, "Ungeniambia hukucheka, ningekupiga na jembe hili."

Nikaanza kulia, dada, mtu mzima. Hakunigusa wala hakunibembeleza. Alitazama upande wa mto mpaka nilipomaliza. Baada ya hapo akaanza kunisimulia siku za mwisho za mzee, polepole. Yapo mengine ambayo hata wewe huyajui, na hayo nimemwahidi yatabaki pale. Moja naweza kukuambia. Ndani ya kile kibanda cha mabua, mzee aliuliza kama barua yangu ya mwezi ule imefika. Alitaka kusikia habari za wanyama.

Hakusema amenisamehe na mimi sikumwuliza. Siku niliyoondoka, ulipokwisha kuingia ndani, nilimkuta barabarani amekaa kwenye kiroba cha mihogo, ananisubiri bila kuonyesha kwamba ananisubiri. Tulikaa hapo mpaka lori likaja. Nilipokuwa nimekwisha kupanda, akauliza ninakohamishiwa kunaitwaje. Nikamwambia Issenye. Lori likaanza kuondoka, na injini ile kelele tupu, ikabidi apaze sauti kuniuliza tena. Nikampigia kelele, "Issenye." Akalirudia jina taratibu midomoni mwake, mara mbili, kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni, kisha akajitwika mihogo yake akarudi nyumbani.

Mdogo wako,
Nikolaus